Damu ya mzee ikatoka rangi ya chungwa: laptopu ya kawaida na kazi za harusi

Mtoto wa dadangu kamaliza kozi yake ya video, kachanga shilingi 70,000 zake mwenyewe, nyengine za mchezo wa kupokezana pesa nyengine za kutia watu hina na piko wakati wa likizo, juzi akanitumia ujumbe, "Shikamoo mamdogo, ninunue laptopu ya kawaida nianze kazi ama nisubiri nifikishe 150,000 ninunue ile ya watu wa video?" Nikamjibu kwa sauti dakika 11 nzima, namaliza naona bado nna maneno, basi nayaandika hapa manake yeye si wa kwanza kuniuliza na wengi wanaoniuliza ni wasichana kama yeye, pesa ni hiyo hiyo moja, ukinunua vibaya hakuna ya pili.

Mie napiga video za harusi za wanawake hapa Mombasa, kesha la hina na kupamba hasa, mwaka wangu wa 8 huu. Ile miaka 5 ya kwanza nimekula na laptopu ya ofisini iliyotumika, zile zinazoletwa kutoka Ulaya zikauzwa madukani huku mjini, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 8, RAM 8GB (kumbukumbu ya kufanyia kazi), SSD ya 256GB (diski ya kuwekea faili), kadi ya grafiki ya kando hakuna. Watu walilipa, watu walifurahi, na nlilipia karo ya ndugu yangu kwa laptopu hiyo. Kwa hivyo mtu akiniambia laptopu ya kawaida haifai kazi ya kulipwa mie simkubali hata kidogo, lakini pia kuna siku laptopu hiyo hiyo iliniaibisha mbele ya mama wa watu, na hiyo ndiyo nataka niieleze kwanza kwa sababu haikuwa mambo ya kasi. Kila mtu akija kuuliza anauliza prosesa gani, RAM ngapi. Skrini hakuna anayeiuliza.

Ilikuwa kesha la hina huko Bondeni. Sare ya wanawake wa nyumbani ilikuwa damu ya mzee, ile nyekundu nzito iliyotulia, na zari nyembamba ukingoni, mamaake biarusi mwenyewe aliizungukia Mtaa wa Biashara siku mbili akapata kitambaa alichokitaka. Nikapiga, nikarudi nyumbani nikakaa na laptopu, naona hizi nguo mbona zimefifia, kama kutu iliyoloweshwa maji, na hina ya biarusi nayo imekuwa kama chai. Nikasema taa za ukumbi hizo. Nikaongeza nyekundu. Nikaangalia, bado, nikaongeza tena, mpaka pale kwenye skrini yangu ikawa damu ya mzee kama nlivyoiona kwa macho, nikaridhika, nikatia kwenye flashi nikapeleka.

Asubuhi yake akanipigia, na wala hakunigombeza, aliniuliza pole pole, "Mwanangu, nguo zetu mbona zimekuwa rangi ya chungwa?" Nikaenda kwake. Kwenye televisheni yake na kwenye simu ya mtoto wake, zile nguo zilikuwa zinawaka kama makaa, mikono ya biarusi imekuwa myekundu utadhani imeungua, nyuso za watu zote zimeiva. Nlikaa pale kwenye sofa sina la kusema manake ni siku ya watu, haipigwi mara ya pili.

Sasa kilichotokea ni hiki. Kuna kipimo cha rangi kinaitwa sRGB, HP na Microsoft walikitunga 1996, na mpaka leo picha nyingi za mtandaoni zinakifuata, na video ya kawaida ya HD nyekundu yake, kijani yake na buluu yake ni zile zile. Skrini nzuri inaonyesha rangi zote za kipimo hicho au karibu zote. Lakini laptopu nyingi za bei ya chini na nyingi za ofisini zinatiwa skrini ambayo kwenye maelezo yake imeandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha zamani cha rangi za televisheni, na hiyo ukiigeuza kwa sRGB ni kama asilimia 60 na kidogo. Hizo nyengine hazimo kabisa. Na zinazoumia zaidi ndizo tunazozitaka sisi, nyekundu nzito, zambarau, kijani cha zumaridi. Skrini inapewa nyekundu nzito haina pa kuitoa, inatoa ile ya karibu yake iliyofifia, wewe unaona imepungua unaongeza, faili linabeba nyekundu yote uliyoongeza, halafu linafika kwenye simu yenye skrini ya rangi kamili inaimwaga yote. Laptopu inakudanganya wewe peke yako, wenzako wote wanaona kweli.

Rafiki yangu aliniazima kile kifaa cha kupimia rangi kinachowekwa juu ya skrini, nikapima. Nyeupe ilirekebika vizuri, kabla ilikuwa inavuta kwenye samawati, lakini nyekundu haikurudi, na haiwezi kurudi. Jahazi la kubeba tani 10 huwezi kulipakia tani 16 kwa kupanga magunia vizuri.

Nlinunua monita ya ofisini iliyotumika, inchi 24, ya IPS, aina ya skrini isiyobadilisha rangi sana ukiitazama pembeni, yenye sRGB kamili, shilingi 9,500, nikaiunganisha kwa HDMI na laptopu ile ile nzee. Nikairudia kazi yote bure, siku 4. Na hapo ndipo nlipoziona nguo za watu kwa mara ya kwanza, hata ile zari nlikuwa siioni vile ilivyo. Mamaake biarusi alipoitazama mara ya pili alinyamaza muda kisha akasema hiyo ndiyo aliyoinunua. Tangu hapo simalizi rangi kwenye skrini ya laptopu, yoyote ile, na kila kazi naitazama kwenye simu mbili kabla haijatoka.

Haya, kasi sasa, manake huko ndiko mnakotaka kunipeleka.

Hesabu yenyewe mbona rahisi. Kamera ya 4K inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inakula kama 45GB kwa saa. Kupamba kwa saa 3 na kamera mbili hiyo ni 270GB. SSD yangu ilikuwa 256GB na Windows ndani yake! Kwa hivyo kitu cha kwanza kilichoniziba hakikuwa prosesa, kilikuwa pahali pa kuweka. Na kuhamisha pia, ukitumia kisomea kadi cha USB 2.0 ile 270GB inakutoa zaidi ya saa 2 na mlango wa ukumbi ushafungwa, ukitumia cha USB 3.0 na kadi nzuri ni kama saa moja, na kisomea chenyewe hakifiki hata shilingi 1,500. Watu wanaongeza 80,000 kwenye laptopu wakitafuta kasi ambayo ingine wangeipata kwa kisomea kadi.

Halafu kuna hili la video kukwamakwama ukiediti. Kamera na simu zinabana video kwa H.264 au HEVC, na namna zinavyobana ni kwamba fremu nyingi haziandikwi zote, inaandikwa tu kilichobadilika kutoka fremu za jirani, ni kama barua ambayo kila mstari unasema soma mstari wa juu halafu badilisha neno moja. Kutazama kutoka mwanzo mpaka mwisho ni rahisi, lakini ukiediti unaruka mbele, unarudi nyuma, na kila ukiruka prosesa inabidi iisome barua kutoka juu tena. Basi dawa yake ni proksi, unaiambia programu itengeneze nakala nyepesi za kila klipu, ndogo na za aina ambayo kila fremu imekamilika peke yake, unaediti kwa hizo, wakati wa kutoa video programu inarudi yenyewe kwenye zile za asli. Mie nlikuwa nawacha laptopu itengeneze proksi usiku, asubuhi naediti bila kukwama, kwenye i5 ile ile ambayo mtu angekwambia haiwezi. Natumia DaVinci Resolve, programu ya kuediti ya kampuni ya Blackmagic, ile ya bure, inatoa video mpaka 4K ya UHD haitii alama yoyote juu, lakini wenyewe wanapendekeza RAM 16GB na wana haki, kwa 8GB ilikuwa inakufa kila dakika 20 kwa sababu ile grafiki ya ndani nayo inakopa kwenye hiyo hiyo RAM. Nikaongeza kipande cha 8GB, ikatulia. Na hapa muwe makini, laptopu nyingi nyembamba za sasa RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki milele, za Apple zote zenye prosesa yao ya M1 kuja huku ndivyo zilivyo, kwa hivyo kabla hujatoa pesa muulize muuzaji aifungue mgongo uone nafasi kwa macho yako.

Ila proksi haitibu kila kitu. Kamera yako ikiwa inapiga HEVC ya biti 10 ya 4:2:2, yaani inayobeba habari nyingi zaidi za rangi, laptopu ya zamani haina pahali maalumu pa kuifungua, inaifungua kwa nguvu zake zote na hata kutengeneza hizo proksi ni usiku mzima. Laptopu za Intel za kizazi cha 11 zinalo hilo, Apple walilitia kwenye M1 iliyotoka Novemba 2020, NVIDIA mpaka zilipokuja RTX 50 mwaka 2025. Kwa hivyo usiangalie ukubwa wa jina la laptopu, jua kwanza kamera yako inaandika nini. Mtoto wa dadangu kamera yake inapiga ya biti 8, hana shida hiyo.

Na hili neno "laptopu ya kawaida" pia linachanganya watu. MacBook Air ya M1 ni laptopu ya kawaida, wanafunzi wanaandikia insha, haina hata feni, lakini skrini yake inapita sRGB mpaka P3, kipimo kipana zaidi, na video inaifungua bila taabu. Wakati huo huo kuna laptopu za michezo za bei kubwa, zina taa za rangi kila kona na kadi ya grafiki ya maana, halafu unakuta skrini ni ile ile ya asilimia 45, inakwenda haraka haraka kuonyesha rangi za uongo. Nshaziona hizo kwa macho yangu, msichana kauza cheni yake kununua.

Pahali laptopu ya ofisini iliponisumbua kweli kweli ni joto. Prosesa yangu ilikuwa ya wati 15, ukiambiwa inafika 3.4GHz ni kweli inafika, lakini haikai hapo, ikishika joto inateremka kuelekea 1.6 yake ya msingi ili isiungue. Na huku kwetu mnaijua kaskazi, Januari mpaka Machi chumba kiko digrii 32 na unyevu juu yake, feni inavuta hewa moto kupoza kitu cha moto. Video ya dakika 40 mchana wa Februari ilinichukua saa 3 kutoka, ile ile nikiitoa alfajiri baada ya swala dirisha liko wazi haikufika saa 2. Basi nkajifunza. Laptopu haiwekwi kitandani wala juu ya godoro manake matundu yako chini, mie nliipigia vipande viwili vya mbao ikakaa juu, na kila mwaka naipeleka isafishwe feni na kutiwa dawa mpya ya joto kwenye prosesa, kwa sababu vumbi la pwani lina chumvi na unyevu, linaganda kama uji. Zile laptopu za kazi zenye prosesa za wati 45 na feni mbili zinahimili vizuri zaidi, hilo siwezi kulikataa, ukiwa na harusi tatu kwa wiki kama inavyokuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, utaiona tofauti. Lakini nazo chaja yake ni tofali, na stima ikipotea ukiwa kwenye betri zinapunguza nguvu na hazifiki mbali. Ile yangu ya ofisi nliimalizia kazi moja gizani kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa proksi.

Sasa nije kwenye lile ambalo hakuna anayelisema kwenye video za kulinganisha laptopu, na kwa kazi yangu mie nalitia mbele kuliko yote. Kupamba ni ukumbi wa wanawake watupu, wamevua mabuibui, nywele wazi, simu zinawekwa mlangoni kwenye kapu. Mwanamke anaingia pale kwa sababu ameambiwa picha hazitatoka. Kisha zote ziko ndani ya laptopu yangu, na mimi napita nazo barabarani, kwenye matatu, kwenye feri ya Likoni.

Mwaka mmoja laptopu ilikataa kuwaka, nikaipeleka kwa fundi wa duka moja mjini, jambo la kwanza aliloniomba ni pasiwedi, na nliporudi saa 9 nikamkuta ameifungua na folda ya harusi iko wazi kwenye skrini, wanaume wawili wamesimama nyuma yake. Alisema anajaribu kama video zinacheza. Sikujibizana naye, niliifunga nikaichukua haijamalizwa, na nlitetemeka mpaka nyumbani. Wale wanawake waliniamini mimi.

Kuanzia siku hiyo diski inafungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, hata ukiitoa ukaitia kwenye mashine nyengine haisomeki bila ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao nimeuandika kwenye karatasi na hauko nyumba moja na laptopu. Diski za bakapu nazo zimefungwa hivyo hivyo, mbili, moja kwangu moja kwa mamangu. Na fundi anapewa laptopu diski nshaitoa. Hapa tena laptopu ya ofisini inazishinda za michezo, manake nyingi zinakuja na Windows Pro, na BitLocker kamili iko kwenye Pro, na diski inatoka kwa skrubu chache. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na sura ya mtu inaingia humo, lakini hata kusingekuwa na sheria, mtu akikuamini na nywele zake utazichunga.

Kwa kazi nyengine nitasema kwa ufupi. Mchora mabango na kadi za harusi, laptopu ya kawaida inamtosha mno, tatizo lake ni skrini tu kama langu. Ndugu yangu anarekodi kasida chumbani kwake kwa i5 na kisanduku cha sauti cha USB, akishusha bafa, ile akiba ya sauti inayongojea ndani ya kompyuta, mpaka sampuli 128 kwa 48kHz hiyo ni kama milisekunde 3, msomaji hasikii sauti yake ikichelewa, na hela yake kubwa aliiweka kwenye maikrofoni. Picha za kawaida, sawa. Lakini mtu anayetengeneza katuni za 3D kwa Blender, au anayetia madoido mazito ya moshi na moto kwenye video kila siku, huyo simwambii ajaribu laptopu ya ofisi, atapoteza siku zake, asubiri apate yenye kadi ya grafiki.

Basi mtoto wa dadangu hasubiri. Hizo 70,000 tumezipiga hivi. Laptopu ya ofisini iliyotumika ya kizazi cha 11, yenye nafasi ya kuongeza RAM, 38,000 hadi 42,000 kwa bei nlizoambiwa wiki hii. RAM mpaka 16GB. Monita ya IPS 10,000. Diski ya nje, moja kwa sasa, ya pili italipwa na harusi ya kwanza. Kisomea kadi cha USB 3.0. Chenji inabaki ya nauli. Yeye alinuna kidogo, akaniambia, "Lakini mamdogo, wateja wakiona laptopu nzee watanidharau." Nikamwambia biarusi hatoiona laptopu yako, ataiona nguo yake.

Jumamosi tunaenda naye madukani. Kabla hatujatoka atasoma vipimo vya ile modeli kwenye Notebookcheck, tovuti ya kupima laptopu, manake pale wanapima sRGB ya skrini kwa kifaa hawategemei maneno ya kampuni. Na kile kipande cha kitambaa cha damu ya mzee, mamaake biarusi alinipa nlipomrudishia video ya pili, ninacho mpaka leo. Nimekipiga picha kwa kamera mchana wa jua, picha iko kwenye flashi, kitambaa nshakitia kwenye mkoba. Kila skrini tutakayoonyeshwa tutaifungua picha, tukiweke kitambaa pembeni yake, tuangalie.